Barua kwa kwaya zetu mbili: ukingo wa mfereji

Wapendwa wanakwaya wa kwaya kuu na wa kwaya ya vijana, pamoja nanyi wazee wa kanisa mliochagua kukaa kimya,

Bwana Yesu asifiwe.

Ningependa kusema haya nikiwa nimesimama mbele yenu, ila goti limenikatalia kupanda ngazi za kanisa. Na huenda ni heri. Mkisikiliza mahubiri ya kuonya huwa mnageuza shingo kuona nani ameguswa. Barua kila mtu anaisoma peke yake. Nimeomba ibandikwe ubaoni, na anayetaka kuituma kwingine aitume. Ugomvi wenu umeshafika sokoni, sioni kwa nini dawa yake ifichwe.

Jumapili ya wiki juzi vijana walisimama kuimba. Mwalimu wao akainua mkono, kinanda kimya. Waya wa umeme haupo, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo tukaambiwa amesafiri. Jioni mjukuu wangu alimkuta dukani akinunua sukari. Vijana wakaimba bila kinanda, na niseme kweli, sijawahi kuwasikia wakiimba vizuri namna ile. Lakini vile vigelegele havikuwa vya sifa. Vilikuwa vya kuwakomoa wenzao waliokaa benchi la mbele na majoho yao. Hapo ndipo nilipoogopa. Nimeona watu wakizomeana kikaoni, ila kuzomeana kwa pambio ndiyo kwanza naona.

Sisi wa migombani Kilimanjaro tumekulia kwenye mifereji. Maji yanachepushwa kutoka mtoni kule juu, yanapita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la migomba la kila nyumba, kila mtu na zamu yake, na siku ya kusafisha wote mnatoka na majembe. Anayetaka kumwibia jirani maji hahitaji kazi kubwa. Usiku anaufuata ukingo, anabonyeza kwa kisigino, tundu dogo la kupita panya. Alfajiri ukingo umemeguka hatua tatu, maji yote yameishia bondeni, na yeye mwenyewe mahindi yake makavu. Mithali sura ya 17 inasema kuanza ugomvi ni kama kufungulia maji. Aliyeandika vile, mimi naamini aliwahi kushika jembe.

Basi nimejaribu kutafuta kisigino chenu kilibonyeza wapi. Nimeuliza watu wa pande zote mbili. Hakuna hata mmoja aliyenitajia imani. Wakubwa wanasema kinanda ni chao kwa kuwa wao ndio kwaya kuu. Vijana wanasema ni chao kwa kuwa wao ndio wanaojua kukipiga. Mmesahau wote kilikotoka. Kilitoka kwenye mnada wa baada ya ibada, pale mlangoni, kwa majogoo, miwa na mayai ya watu. Nakumbuka mkungu mmoja wa ndizi uliouzwa mara nne: kila aliyeununua aliurudisha mezani uuzwe tena. Mara ya tatu alinunua bibi mmoja mjane, akafungua fundo la kanga akatoa noti zilizokunjwa hadi zikawa ndogo kama punje. Kinanda ni cha yule bibi. Nendeni mkamwombe yeye ufunguo.

Msidhani nakuza jambo. Wenye umri wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndugu zetu wa Meru, kule Arusha, walipovutana juu ya kuwa na dayosisi yao. Ilikuwa hoja ya mipaka na uongozi, hoja ambayo watu wazima wangeimaliza mezani. Hakuna aliyebishania Utatu wala ubatizo. Lakini nyumba zilichomwa moto, na watu walioshiriki kikombe kimoja wakawa maadui. Dayosisi ikapatikana, na kanisa jingine likazaliwa humo humo kutokana na ule ugomvi.

Na wazazi wetu walikuwa na sababu nyingi kuliko zenu za kutoelewana. Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa KKKT, Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Huku kwetu tulilelewa na wamisionari wa Leipzig, kusini na Uzaramo watu wa Berlin, Usambara na Bukoba watu wa Bethel, Singida Wamarekani wa Augustana. Kila upande na taratibu zake za ibada, na kila upande ukidhani zake ndizo za Luther mwenyewe. Wakaungana. Ninyi mnashindwa kugawana waya wa umeme!

Sasa niwaambie langu, maana nisingepata uso wa kuandika haya bila kulisema.

Wakati tunaezeka kanisa nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi. Mzee mwenzangu akaezeka nyumba yake mwezi ule ule, mabati ya rangi ile ile. Kikaoni nikasema, "Kuna watu wanaezeka kwao kwa mabati ya Bwana." Sikutaja jina. Nilijiona mwenye hekima kwa kutotaja jina. Bila shaka kila mtu alijua, na yeye akainuka akatoka, akaacha kofia yake juu ya benchi.

Miaka minne. Tulikuwa tunashiriki Meza ya Bwana Jumapili moja, tukipiga magoti kila mmoja mwisho wake wa safu. Nilikuwa nakwepa hata kupita kwake; nilizunguka kwa njia ya juu, mwendo wa nusu saa zaidi. Siku moja mama watoto akaniambia, "Habari za mabati umemweleza kila mtu isipokuwa mwenye mabati." Nikakasirika. Usiku nikahesabu: watu kumi na mmoja. Bwana anasema katika Mathayo 18 ndugu yako akikukosa nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Mimi nilianzia kwa watu kumi na mmoja, na wa kumi na mbili nikawa simfikii.

Asubuhi nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba, nikaenda. Ninyi mliozaliwa mjini ulizeni bibi zenu: kwetu aliyekosa akija na isale mkononi, hafukuzwi. Wapo waliosema mzee wa kanisa hapaswi kushika majani ya kimila. Mimi sikuliabudu jani. Nililishika kwa sababu mdomo ulikuwa mkavu, nalo lilisema badala yangu.

Nilimkuta akimkatia ng'ombe mgomba. Akaliona jani, akaendelea kukata. Akamaliza gogo lote. Kisha akafuta panga kwenye jani la mgomba, akasema, "Leo umeikumbuka njia?" Akaingia ndani, akatoka na bahasha. Stakabadhi za mabati yake, zote, kwa jina lake, za fedha ya kahawa yake. "Nilizitunza nikijua utakuja kuuliza," akasema. "Ungeuliza siku ile ile ningekuonyesha siku ile ile." Sina la kuongeza hapo. Alifariki mwaka uliofuata, na namshukuru Mungu kwamba ule mmoja tuliupata.

Lakini, wazee wenzangu, msichukue barua hii mkaitumia kufunga watu midomo. Najua mnavyopenda neno umoja kijana anapouliza hesabu. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, mbele ya watu wote, na hakuna aliyesema amevunja umoja. Mimi nilikosea kwa kunong'ona. Kama ningeuliza wazi stakabadhi ziko wapi, ingekuwa halali yangu. Fedha za safari ya kwaya ambazo vijana wanaziulizia, mweka hazina azisome kanisani, shilingi kwa shilingi. Nusu ya homa hii itashuka.

Na ninyi vijana mnaosema mtahama mkaanzishe huduma yenu: sitawalaani. Paulo na Barnaba nao walishindana juu ya Marko hata wakatengana, huyu akaenda Kipro na huyu Shamu, na Matendo hayasemi nani alikuwa na haki. Ila miaka ilipopita Paulo huyo huyo akamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anafaa kwa utumishi. Anayetaka kuondoka aage mchana, apeane mikono na watu, ili akitaka kurudi asilazimike kuzunguka njia ya juu kama mimi. Lile kundi lenu la simu mnalorushiana maneno saa sita usiku lifungwe hadi tukutane.

Jumamosi saa tisa alasiri nawataka barazani kwangu walimu wa kwaya wote wawili, mwenye ufunguo, na yule kijana aliyeandika maneno juu ya mama wa watu. Wazee aje mmoja tu, na aje kusikiliza. Mama ameahidi mtori. Ufunguo uje. Isale msihangaike kutafuta, hapa mpakani limejaa tele.

Ni mimi babu yenu,
mzee wa kanisa mstaafu