Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeweka fidla kabatini

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia hujaigusa fidla tangu majibu ya usaili wa okestra yatoke. Akaongeza neno lililoninyima usingizi: eti umesema hutaki "kuishia" kuwa mwalimu. Naandika hadharani kwa sababu hauko peke yako katika kulitumia neno hilo. Hata mimi nililitumia nilipokuwa na umri wako.

Mjomba wako amepiga nyuma ya pazia mara tatu. Okestra nyingi hufanya hivyo, ili wanaochagua wasikie sauti tu wasione uso. Mara ya tatu mkono wa upinde ulianza kutetemeka kwenye kipande cha Mozart nilichoweza kukipiga hata usingizini, na nikasikia "asante" kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo maumivu yako nayajua, na sitakwambia kwamba si kitu.

Ila hilo "kuishia" silikubali. Mwangalie mpiga fidla Joseph Joachim. Mwaka 1844, akiwa na miaka 12, alisimama London akapiga konseto ya Beethoven, utunzi wa fidla moja na okestra, mtunzi Mendelssohn akiongoza. Mtoto wa namna hiyo angeweza kuishi na jukwaa lake peke yake hadi uzeeni. Lakini mwaka 1869, akiwa Berlin, alishika uongozi wa chuo kipya cha muziki, na mwaka huohuo akaunda kwarteti yake, kundi la wapigaji wanne. Miaka kumi baadaye, ni yeye huyohuyo mwalimu aliyekuwa wa kwanza kuipiga konseto ya Brahms mbele ya watu. Mwanafunzi wake Leopold Auer alifundisha St. Petersburg kuanzia 1868 hadi 1917. Elman, Heifetz na Milstein, wapiga fidla mashuhuri, wote walipita mikononi mwake. Niambie ni nani hapo aliyeishia.

Pesa sitakuficha: mapato ni ya kuungaunga, mwezi huu wanafunzi wengi, mwezi ujao tamasha mbili, unaofuata kimya. Shingo itabaki na alama ya fidla upande wa kushoto. Hayo utayazoea.

Nisichokizoea mpaka leo ni kile kinachotokea watu wanne wanapoketi bila kiongozi. Kwenye kwarteti mimi hupiga fidla ya pili, nafasi ambayo wengi hudhani ni ya aliyekosa ya kwanza. Kabla ya noti ya kwanza, mwenzangu huvuta pumzi kwa pua, pumzi fupi tu, na ndani yake mna kasi, mna nguvu, mna hata rangi ya sauti anayoitaka. Nikiikosa pumzi hiyo, hakuna mkono wa kunionyesha njia. Kisha anapaa na wimbo, nami nabaki chini na viola, ile fidla kubwa yenye sauti nzito, tukisukuma noti fupifupi ambazo msikilizaji hatazitaja akirudi nyumbani. Tukizipiga kwa uzito mno, wimbo unazama. Tukizipiga kwa woga, unakosa pa kusimama. Tuliwahi kumaliza jioni nzima tukibishana kama noti moja ya Haydn ianze kwa upinde kushuka au kupanda, na sioni kama tulipoteza muda, maana ile noti ilibadilika kweli. Peter Schidlof, mpiga viola wa Amadeus Quartet, alipofariki mwaka 1987, wenzake watatu hawakutafuta mwingine. Walikuwa wamepiga pamoja miaka 40. Nikikumbuka pumzi ile, nawaelewa.

Na kufundisha kumeninyoosha kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Upinde mzima una gramu 60 hivi, lakini mtoto wa wiki ya kwanza huushika kana kwamba ni mpini wa nyundo. Kidole chake kidogo hunyooka na kukaza, na sauti hukwaruza. Ukimwambia "legeza", anakaza zaidi. Siku moja nilimwomba mmoja wao auweke tu upinde juu ya uzi, asiuvute, ausikie uzito wake. Kidole kikajikunja chenyewe. Alipovuta, sauti ikatoka safi, akaniangalia kana kwamba nimeifanya mimi. Usiku ule nilirudi kwenye Mozart wangu wa nyuma ya pazia, nikakitazama kidole changu kidogo. Kilikuwa kimenyooka na kukaza.

Jumamosi njoo, na fidla uje nayo. Nimetoa vile vipande 44 vya fidla mbili ambavyo mtunzi Bartók aliviandika mwaka 1931 kwa ajili ya wanafunzi, vikianza na vyepesi kabisa. Tutaanza na cha kwanza. Fidla ya kwanza uchukue wewe, na pumzi uvute wewe, mimi nitaisikiliza.

Mjomba wako