Tunadaiwa ushahidi wa kelele ambayo jeshi halikuipima

Mheshimiwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa mliyochapisha kuhusu askari wastaafu wanaodai fidia ya kupoteza usikivu imenishinda kuinyamazia. Afisa mliyemhoji alisema kuwa wengi wetu tunasumbuliwa na uzee tu, na mwandishi wenu akaliacha neno hilo lipite bila kumuuliza daktari yeyote wa masikio.

Angeuliza, angeelezwa kuwa baruti na uzee haviharibu sikio kwa namna moja. Uzee huushusha usikivu pole pole kadiri sauti zinavyozidi kuwa nyembamba, ilhali kishindo cha silaha mara nyingi huacha bonde kwenye mchoro wa kipimo, karibu na hezi 4,000 (yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde), kisha mstari hupanda tena. Bunduki ya kivita hutoa mlio unaopita desibeli 150, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, sikioni mwa mpigaji, na kishindo cha ghafla kinachozidi 140 kinaweza kudhuru papo hapo. Vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa haviot­i tena. Isitoshe, mwaka 2023 kampuni ya 3M ya Marekani ilikubali, bila kukiri kosa, kulipa dola bilioni 6 hivi kumaliza mashauri ya vizibo vya masikio vilivyogawiwa wanajeshi na kudaiwa kuwa havikuzuia kelele ipasavyo, na wengi wa waliodai walikuwa wametumikia Iraki na Afghanistani wakiwa vijana. Je, hao nao walikuwa wazee?

Mimi nilitumikia kikosi cha mizinga kwa miaka kumi na moja. Kinga yetu ilikuwa pamba, na ilipokosekana tuliziba masikio kwa vidole, jambo ambalo mpakiaji hawezi kulifanya kwa kuwa mikono yake imeshika kombora. Siku ya kuachishwa jeshi, daktari alisimama hatua chache nyuma yangu akanong'ona namba, nami nikazirudia, naye akaandika kuwa usikivu wangu ni kamili. Mnong'ono hauwezi kupima sauti nyembamba moja moja, na hizo ndizo kelele huanza kuziua. Hata hivyo karatasi hiyo ndiyo iliyotumika kunikatalia dai langu mara tatu. Mara ya tatu niliagizwa nilete uthibitisho wa tarehe, aina ya mzinga, idadi ya makombora na kiwango cha kelele kwa desibeli. Mheshimiwa Mhariri, ni askari gani aliyepanda mlimani na kipima kelele mfukoni? Daftari za ufyatuaji alizishika kamanda, nami nilipoomba nakala nikajibiwa kuwa ni siri. Mtu anadaiwa karatasi ambayo anayeidai ndiye ameifungia kabatini! Huko Marekani, katika kesi ya Hensley dhidi ya Brown ya mwaka 1993, mahakama ya rufaa za wastaafu wa jeshi iliamua kuwa kipimo cha kawaida siku ya kuachishwa hakitoshi chenyewe kulifuta dai. Kwetu sisi kipimo hicho ndicho mwanzo na mwisho wa shauri.

Tena katika ofisi ya fidia, inayohudumia watu wasiosikia, majina huitwa kwa mdomo kutoka nyuma ya kioo. Mwanangu alitoka kidogo kutafuta maji, na katika dakika hizo jina langu likaitwa mara tatu. Jalada likagongwa muhuri kuwa mwombaji hakufika, nami nimeketi safu ya kwanza.

Hata shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, nililopewa ni la upande mmoja, na hukuza vyombo vinavyogongana jikoni kuliko maneno ya watu. Mjukuu wangu aliniambia, "Bibi amefika," mimi nikasikia "Bibi amepika," nikanawa mikono na kuketi mezani, mke wangu akiwa bado mlangoni na mizigo yake. Nao mlio kama wa filimbi ulioanza masikioni mwangu siku za mazoezi haujanyamaza usiku hata mmoja, na fomu yao haina mahali pa kuuandika.

Ninapendekeza kwamba yeyote aliyetumikia mwaka mmoja au zaidi kwenye mizinga, vifaru, ndege au chumba cha injini za meli achukuliwe kuwa aliumizwa na kazi, na ofisi inayopinga ndiyo ilete daftari. Fomu iongezwe mstari wa mlio wa masikioni. Na juu ya dirisha lile uwekwe ubao wa namba zenye ukubwa wa kiganja, uwe tayari kabla ya rufaa yangu ya nne, maana sitaki mwanangu aombe tena ruhusa kazini ili aje anisikilizie jina langu.

Wako,
Askari mstaafu, kikosi cha mizinga