Shule uliyoiandika

Nansio, Ukerewe

Mwanangu Neema,

Sisi huku hatujambo. Mvua imegoma lakini mihogo ipo, hatulali njaa. Picha za insha yako zimefika zote nne. Simu yangu unaijua, kwa hiyo pale mwandiko ulipofifia mpwa wako alinisomea. "Shule ninayoiota." Mkufunzi wenu wa ualimu kawapa kazi nzuri. Sisi tulioanza 1978 hakuna aliyetuuliza tunaota nini. Nimemaliza Darasa la Saba, nikapewa chaki: asubuhi nafundisha, mchana najifunza huo ualimu wenyewe kwa redio na masomo ya posta. Ndiyo UPE hiyo, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, watu wakaigeuza Ualimu Pasipo Elimu, nami nikicheka nao huku roho inaniuma.

Nimeisoma mara mbili. Kompyuta, sawa. Maktaba, bustani, uji wa maziwa saa nne, sawa kabisa, hasa uji. Shule isiyo na fimbo: hapo niliiweka simu chini kidogo. Kanuni inataka viboko visizidi vinne na mwalimu mkuu aidhinishe. Mimi nimechapa bila kumuuliza mtu, na siku moja hata wewe ulikuwa kwenye mstari, unakumbuka. Hiyo ya Kiingereza tangu Darasa la Kwanza tutagombana ukija likizo. Watoto wa huku wengi wanatoka nyumbani na Kikerewe au Kijita, Kiswahili chenyewe wanakikuta shuleni.

Sasa kuna mstari mmoja umeupita mbio, ukurasa wa tatu, kama mtu aliyekanyaga shilingi asijue: "Darasa litakuwa na wanafunzi 25." Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudishia daftari, uandike kurasa zote nne juu ya hiyo namba tu.

Mwaka mmoja nilikuwa na Darasa la Pili lenye watoto 96. Tulisoma kwa kuitikia: naonyesha kwa kijiti, darasa zima linapaza sauti, ukipita nje utasema hawa wameshajua wote. Dawati la tatu alikaa mtoto mmoja, sauti yake inatangulia za wenzake. Wageni wakija, huyo ndiye niliyemsimamisha. Anasoma ukurasa mzima bila kukwama, anapigiwa makofi, anakaa. Siku moja nilikuwa nimesimama nyuma yake badala ya mbele. Anasoma habari za mbuzi, vizuri sana, na mbuzi wa kwenye picha miguu iko juu.

Kitabu alikishika kichwa chini. Ukurasa wote alikuwa ameukariri kwa masikio, na nyuma ya huo kurasa nyingine nyingi. Na tangu Darasa la Kwanza mwalimu wake nilikuwa mimi.

Usiku nilipiga hesabu nyuma ya andalio la somo. Kipindi dakika 30, watoto 96: kila mmoja sekunde 18 na ushee, hapo hujaita majina wala hujafuta ubao. Kwa watoto 45 wanaotakiwa na serikali anapata sekunde 40. Kwa 25 wako anapata dakika moja na sekunde 12. Kwa muda huo mtoto anaweza kukusomea sentensi tatu peke yake, ukaona jicho lake linafuata herufi au linakufuata wewe.

Hao 25 sikuwahi kupewa mpaka nastaafu. Nilichofanya, kila mapumziko niliwaita watano chini ya mwembe, mmoja mmoja anisomee. Orodha ilikwisha kwa wiki nne, tunaanza upya. Mwalimu mkuu alidhani nakwepa zamu. Yule wa mbuzi nilimwita kila siku. Alianza kusoma kweli, ma-ma, ba-ba, sauti ndogo, kidole kinatetemeka kwenye karatasi, na makofi yakaisha. Alinichukia muhula mzima, na sidhani kama alinionea. Nilihamishwa kabla hajafika la Nne.

Kwa hiyo ukienda mazoezi ya kufundisha, uliza kwanza darasa lina watoto wangapi, upige hesabu yako kabla ya kuchora hizo zana za rangi. Na usisimame mbele muda wote.

Nimekutumia mzigo kwa meli ya Jumamosi: dagaa, machungwa, na lile kopo langu la maziwa lenye vizibo vya soda vya kuhesabia. Nilistaafu navyo 200 kamili, nilivikusanya miaka mingi, usivimwage. Vihesabu ukivipata, maana mpwa wako amekuwa akichezea bao huko uani na hataki kusema amechukua vingapi.

Mama yako.