Onyo la muda kuisha lionekane ndani ya fomu

Ndugu Mhariri,

Nina steshenari Mbagala Rangi Tatu. Siku hizi fotokopi si kazi kubwa. Kazi ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kilio changu ni mfumo wa taasisi moja ya umma.

Fomu yake ni ndefu: namba ya NIDA, namba za mitihani, vyeti vya kuskani. Mara nyingi mteja inabidi apige simu nyumbani, tusubiri cheti kitumwe kwa WhatsApp. Tukibofya "Endelea", tunatupwa kwenye ukurasa wa neno la siri na tulichojaza chote kimefutika. Wateja wanalaumu bando. Bando halina kosa. Seva, yaani kompyuta ya taasisi inayoendesha mfumo, huhesabu muda tangu ilipopokea ombi la mwisho (mbofyo wa kutuma au kufungua ukurasa) kutoka kwenye kompyuta yako, na kuchapa ndani ya fomu si ombi. Vidole vinakimbia, yenyewe inakuona umelala, muda ukiisha inakutoa.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba onyo la muda kuisha lipo! Ila wamelipeleka kwenye dirisha jipya linalojifungua lenyewe, na vivinjari (programu za kufungulia tovuti, kama Chrome) huzuia madirisha ya aina hiyo kwa sababu ya kero ya matangazo. Hata Internet Explorer iliwekewa kizuizi hicho mwaka 2004. Dirisha hupita mtu akibofya. Likijifungua lenyewe linazuiwa, inabaki alama ndogo kwenye sehemu ya anwani ambayo haionwi na mtu. Nilipoiruhusu tovuti ile kwenye mipangilio ya kivinjari, ndipo onyo likajitokeza. Anayejaza kwa simu yake kule Chanika atajuaje?

Dawati la msaada waliniambia nibadilishe kivinjari. Nacho kinazuia vilevile.

Sisemi muda uondolewe. Kompyuta yangu inatumiwa na kila anayeingia, na wengine huondoka bila kutoka kwenye akaunti. Lakini mwongozo wa mwaka 2008 wa W3C, shirika la kimataifa la viwango vya tovuti, unataka mtumiaji aonywe mapema na apewe angalau sekunde 20 za kuongeza muda kwa kitendo chepesi. Onyo liwe ndani ya ukurasa uleule, na fomu ijihifadhi kadiri inavyojazwa.

Wenzangu wa steshenari, kwa sasa skanini vyeti vyote kwanza, maelezo marefu yaandikeni pembeni kwenye Word, ndipo muifungue fomu.

Mwenye steshenari,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam