Dada ameniambia la moyoni, kaka anataka kuuza nyumba

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wako kwa muda mrefu na sikutegemea kwamba zamu ya kuandika ingenifikia mimi. Dada yangu ni mgonjwa wa saratani, na kaka yetu mkubwa anampigania kwa kila alicho nacho. Dada ameniambia jambo na kunitaka nilitunze. Nikilitunza, nyumba wanamoishi watoto wake itauzwa. Nikilisema, nitakuwa nimevunja imani ya mtu ambaye sasa hivi ananitegemea kuliko wakati mwingine wowote. Nivumilie nieleze kwa kirefu, maana nikikata kipande kimoja utatuona kaka ni mkaidi na mimi ni mbahili, na sivyo tulivyo.

Tumezaliwa watatu. Kaka ndiye kifungua mimba, dada anamfuata, mimi ni kitinda mimba. Mama alipofariki nilikuwa mdogo, na dada ndiye aliyenilea mpaka nikajitegemea. Mumewe alishatangulia mbele za haki, akamwachia nyumba hiyo na watoto wawili: binti aliye sekondari na mvulana wa shule ya msingi. Katika mshahara wake dada amekuwa akitenga fedha kila mwezi kwa ajili ya masomo yao. Akaunti hiyo hata alipokuwa na shida zake hakuigusa.

Saratani ilianzia kwenye ziwa la kushoto, kivimbe kigumu kisichouma. Vipimo vilionyesha ni ile aina wanayoiita HER2 chanya, ambayo seli zake zina protini ya HER2 kwa wingi kupita kawaida, na hiyo huzifanya zikue haraka. Daktari alitueleza kwamba zamani aina hii ilikuwa ya kutisha zaidi, lakini siku hizi ina dawa yake, trastuzumabu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Dada alipata tibakemikali, akafanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, halafu dawa hiyo kwa dripu kila wiki 3 kwa mwaka mzima, huku moyo ukipimwa mara kwa mara kwa sababu inaweza kuudhoofisha. Bima ililipa hadi ikafika kikomo chake. Baada ya hapo alilipa kaka. Aliuza gari lake bila kumwambia mtu, tulijua tulipomwona anapanda basi. Hili naomba ulikumbuke unaponijibu.

Tukashukuru Mungu, tukaona yameisha. Kisha dada akaanza kulalamika mgongo. Alidhani ni uchovu wa kukaa ofisini, lakini picha zilionyesha saratani imeingia kwenye uti wa mgongo, nyonga na ini. Ndugu waliposikia wakaanza kupigiana simu kwamba sasa ana kansa tatu. Daktari alichukua kalamu akatuchorea: ni seli zilezile za ziwa zilizosafiri kwa damu zikajenga makao mapya, na kwa hiyo zinatibiwa kwa dawa za saratani ya matiti, hata zikiwa kwenye mfupa. Maelezo hayo yalitutuliza. Ila aliongeza kwamba katika hatua hii ya nne hazungumzii tena kuponya, anazungumzia kuidhibiti, na kwamba wapo wanaodhibitiwa kwa miaka. Mimi nilisikia "si kuponya". Kaka alisikia "miaka". Nadhani mvutano wetu ulianzia palepale, kila mmoja akatoka na sentensi yake.

Kuhusu fedha, watu wakisikia kansa wanafikiria bei ya dawa tu. Mimi ndiye ninayetunza daftari la matumizi na nakuambia dawa ni sehemu tu. Kabla ya kila dozi damu inapimwa, na chembe nyeupe zikiwa zimeshuka mnarudishwa nyumbani mje wiki nyingine. Nauli imekwenda, chumba cha kulala jirani na hospitali kimelipiwa, na mimi niliyemsindikiza nimekosa siku kazini. Tulifundishwa kwamba baada ya tibakemikali joto la mwili likifika 38 si la kungojea asubuhi, kwa sababu mwili hauna askari wa kupambana na maambukizi. Kwa hiyo tumewahi kukimbia usiku kwa gari la kukodi, akalazwa, na bili ile hakuna aliyekuwa ameipangia. Halafu kuna picha za kuangalia kama dawa inafanya kazi. Na dada mwenyewe mshahara wake umepunguzwa kwa sababu ya kukaa nje ya kazi. Familia nzima tunavuja kidogokidogo kila upande, na michango ya ndugu, iliyokuwa mikubwa mwanzoni, imepungua. Siwalaumu. Na wao wana watoto.

Dawa ya kwanza ilishikilia kwa muda, kisha ini likaonyesha uvimbe unakua tena. Daktari akatuwekea njia mbili mezani. Moja ni vidonge vya kapesitabini vya kumeza nyumbani, siku 14 unakunywa na siku 7 unapumzika. Nyingine ni dawa mpya zaidi ya dripu, iliyotengenezwa kubeba kemikali hadi kwenye seli yenye HER2. Hiyo ya pili ina matokeo mazuri kwa wengi, hata daktari alisema angependa aipate, lakini gharama yake kwetu ni nyumba. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Kaka amepiga hesabu: nyumba ikiuzwa na akaunti ya watoto ikifunguliwa, dozi zinapatikana kwa miezi kadhaa. Nilimuuliza daktari, tukiwa wawili tu, miezi hiyo ikiisha inakuwaje. Akasema kama dawa inafanya kazi haikatizwi, inaendelea mpaka itakapoacha kufanya kazi au mwili uikatae. Yaani tungefika mahali dawa inamsaidia na hatuna cha kuuza tena.

Kwa sasa ameanza vidonge. Vinamsumbua viganja na nyayo, ngozi inakuwa nyekundu na kubanduka, hata kufungua kifuniko cha chupa hawezi. Kila jioni namkalisha kitandani, nampaka krimu miguuni taratibu, namvalisha soksi za pamba. Ni katika mojawapo ya jioni hizo aliponiambia. Nayaandika maneno yake kama yalivyo:

"Mdogo wangu, fedha za watoto zisiguswe. Na nyumba isiuzwe. Mimi dawa ninazoziweza nitakunywa, sijachoka kuishi. Lakini sitaki wanangu wanizike halafu wahame. Hili libaki kwako. Kaka akisikia ataona nimekata tamaa, na sitaki afikiri gari lake liliuzwa bure."

Shangazi, tulipokaa kikao cha familia, mtu huyohuyo aliulizwa mbele ya wote anataka nini, akasema, "Mtakavyoona ninyi." Kaka akatikisa kichwa, akasema basi, mgonjwa ameridhia. Wote wakanigeukia mimi maana nina daftari. Nikasema tuombe muda.

Nyumba iko kwa jina la dada. Kaka hawezi kuiuza bila saini yake, na ninamjua dada yangu: kaka akimpelekea karatasi atasaini. Atasaini kwa kumwonea huruma kaka.

Nimejaribu kumwendea kaka kwa upande mwingine. Hospitalini kuna wahudumu wa tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na nilipendekeza waanze kumwona dada. Kaka aliwaka. Kwake neno hilo ni la watu waliokwisha kukabidhiwa kaburi. Nikamweleza utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ambapo waliopewa tiba shufaa tangu mwanzoni pamoja na matibabu yao ya kawaida waliishi kwa nafuu zaidi na hata kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Akanijibu, "Hayo ni mapafu." Kweli ni mapafu. Lakini niliwaita vilevile, na sijuti. Nesi wao alikaa na dada muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa naye pale. Alimwanzishia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, akanifundisha kuivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano hadi kwenye mstari, kumpa kila baada ya saa 4, na kuambatanisha dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Ile nyonga iliyokuwa inamliza walipendekeza ipigwe mionzi mara moja tu kwa ajili ya maumivu, na baada ya muda ikatulia. Sasa analala. Kaka anaogopa atakuwa mraibu. Nimemweleza kwamba dawa inayotolewa kwa kipimo kwa mtu mwenye maumivu ya kansa ni jambo jingine kabisa, lakini nikiondoka chumbani anamuuliza dada kama kweli anaihitaji, na dada, kwa kumridhisha, anaruka dozi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, nisikufiche.

Kuna na ya yule ndugu aliyeleta dawa ya mitishamba kwenye galoni akisema inayeyusha uvimbe. Kaka alilipa. Daktari alikataza kwa sababu ya ini, tukaimwaga. Sitalirefusha.

La watoto ndilo linaloninyima usingizi. Binti ana akili, anasoma majina ya dawa kwenye maboksi. Juzi aliniuliza jikoni, "Mama mdogo, mama atapona?" Nikamwambia mama anatibiwa na madaktari wanajitahidi, akanitazama kama anayejua kwamba sikujibu. Dada hajataka aambiwe mpaka amalize mitihani. Mjomba wake amemwambia mama yake atapona kabisa, dawa mpya inakuja. Kwa hiyo mtoto ana habari mbili, na yangu ndiyo isiyo na matumaini.

Sitaki unielewe vibaya. Sisemi matibabu yasimame. Kama dawa ile ingepatikana kwa njia ambayo haiwaachi watoto bila paa, ningekuwa wa kwanza kubeba begi. Nimeandika barua kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, nimeuliza kama kampuni inayoitengeneza ina mpango wa msaada kwa wagonjwa, nimeuliza kama kuna utafiti wa dawa unaopokea wagonjwa wa aina yake. Bado nasubiri majibu. Ninachokiamini ni kwamba dada ana haki ya kuamua kitu cha mwisho cha thamani atakachowaachia wanawe, na kwamba uamuzi huo ameshaufanya akiwa na akili timamu. Tatizo ni kwamba ameufanya kwa kuniambia mimi peke yangu.

Nimewaza njia kadhaa. Kumwambia kaka kwa siri, lakini namjua, ataenda moja kwa moja kwa dada na kumuuliza kama ni kweli, na dada atakana ili asimvunje moyo. Nitabaki mwongo mbele ya wote wawili. Nimewaza kumwomba daktari au yule nesi aitishe kikao, amuulize dada yeye mwenyewe, faragha kwanza, halafu mbele yetu. Nesi alisema wamezoea kufanya hivyo na hawatataja kwamba mimi ndiye niliyewaomba. Ila nikifanya hivyo bila ruhusa ya dada, je, si ndiyo kuitoa siri kwa mlango wa nyuma? Nimewaza pia kumrudia dada, nimwambie wazi kwamba mzigo huu aliponitwika hakunipa na pa kuushushia, na kwamba kunyamaza kwake kunaamua kinyume cha anachotaka. Kila nikikaa kwenye kile kitanda na krimu mkononi nakuta amechoka, nashindwa kuanza. Mume wangu anasema nikae pembeni, mali ni yao. Lakini mimi ni mwenzao.

Na hata tukishinda la nyumba, nitamwambia nini kaka? Ameuza gari, amekopa kazini, na hana njia nyingine anayoijua ya kumpenda dada isipokuwa kutafuta fedha. Naogopa siku dada akiondoka ataniambia, "Ungeniacha niuze." Sina jibu la sentensi hiyo.

Kaka amenipigia kwamba Jumamosi anakuja na mnunuzi kuiona nyumba, na karatasi atakuwa nazo. Nakuomba unishauri kabla ya hapo, wewe na wasomaji wako waliowahi kuuguza. Nimwambie dada kwanza kwamba naizungumza siri yake, au nimwite nesi bila kuuliza? Nikiongea na kaka nianzie wapi ili asisikie kwamba tunamwacha dada afe? Na binti yule nimwambie kiasi gani, na ni nani kati yetu aseme?

Nisaidie, shangazi.

Ni mimi, mama mdogo wa watoto.