Barua kwa mwanangu: nani atakuwa nyuma?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako ulitufikia Jumanne jioni, tukausoma mara mbili, mama yako nami, na picha ya hema tumeiona. Tumeelewa kuwa mtaondoka Blois, huko Ufaransa, Jumamosi, muufuate mto Loire kwa baiskeli hadi Saumur, siku saba, mkilala kwenye viwanja vya kambi vya miji midogo iliyo njiani. Umeeleza hata kwamba njia yote ina kilomita 900, tangu Cuffy karibu na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins inapoishia baharini, nanyi mtapita kipande chake tu. Jambo moja hukulieleza, nalo ndilo linaloninyima usingizi: katika msafara huo, nani atakuwa nyuma?

Nauliza kwa sababu umeandika, tena kwa furaha, kwamba mjukuu wangu mkubwa ameomba awe wa mwisho ili asiharakishwe. Mtoto wa miaka tisa! Mumeo atangulie na ramani, wewe ukokote tela la mdogo wake katikati, naye afuate peke yake. Hapana, mwanangu. Nakubali kwamba mara nyingi mtakuwa mbali na magari, lakini umekiri mwenyewe kuwa baina ya Chaumont na Amboise, penye mashamba ya mizabibu, mtaingia vijia vinavyopitiwa na magari pia. Ni hapo ninapopasemea.

Umeniandikia kuwa sheria ya Ufaransa inamtaka dereva ampishe mwenye baiskeli kwa mita moja na nusu nje ya mji, na mita moja ndani ya mji. Nimefurahi kulisikia hilo. Lakini mimi nimeshika usukani wa lori miaka 31, na ninajua kinachotokea dereva anapochelewa: humtazama yule aliye mbele kabisa, apime kama nafasi inatosha kumaliza msafara wote, na wa mwisho humsahau. Lori likipita, upepo wake kwanza humsukuma mtu nje, kisha humvuta ndani kuelekea magurudumu, na mtu mzima hujizuia kwa uzito wake, mtoto hana uzito huo. Barabara ya Segera kwenda Chalinze tulikuwa tukiwapigia honi wenye magunia ya mkaa na madumu ya maji, wakashuka kwenye changarawe. Wengine niliwaona kwenye kioo cha pembeni wamelala juu ya mizigo yao. Sikusimama. Mzigo ulikuwa unangojewa Dar es Salaam, na siku hizo hakuna aliyetuambia habari za mita.

Kwa hiyo mumeo awe nyuma. Mwambie ni mimi niliyesema, na ramani uishike wewe, kwa kuwa kusoma ramani hukushindwa hata ulipokuwa darasa la nne. Mtoto akae katikati, upande wake wa kulia, na mkisikia gari jipangeni mmoja mmoja mapema, msingoje honi. Mkumbushe pia kwamba alipokuwa kwetu Desemba alizoea kushoto. Huko gari litampita ubavu wa kushoto, na akishtuka asije akakimbilia upande aliouzoea hapa Tanga.

Kofia ngumu sina wasiwasi nayo, kwa kuwa huko ni lazima kwa kila aliye chini ya miaka 12, ila wewe na mumeo vaeni pia, maana mtoto huiga. Mtoni wasioge, hata kama maji yanaonekana haba na fungu la mchanga limewaka jua. Mchanga wa Loire huhama na mkondo unavuta chini kwa chini. Chakula cha Jumatatu nunueni mapema, kwani umewahi kunilalamikia jinsi maduka ya vijijini huko yanavyofungwa siku hiyo.

Usidhani nakukataza. Nilipomsomea mama yako kwamba utakokota tela siku nzima, alikaa kimya, kisha akasema binti yake ana miguu ya bibi yake, na mimi nilijivuna ingawa sikuonyesha. Lakini hukunijulisha mpaka tiketi za treni zilipokwisha kukatwa, na hilo halikunipendeza. Labda uliogopa ningesema yale niliyoyasema ulipokuwa na miaka kumi na miwili kuhusu msichana na baiskeli. Unayakumbuka, sina haja ya kuyarudia.

Goti la mama yako limepata nafuu, anakwenda sokoni bila fimbo. Paa la jikoni tumeezeka upya kwa fedha uliyotuma, zikabaki bati tatu, nimeziweka kwenye banda la kuku. Nazi mwaka huu si nyingi.

Nilipokuwa natafuta misumari stoo niliishusha ile baiskeli yako ya Phoenix kutoka darini. Fremu ni nzima, kutu iko kwenye spoki tu. Nimempelekea fundi pale njia panda, anadai tairi mbili, mipira ya breki na tandiko jipya, nami nimemlipa nusu. Mwanao akija Desemba itamfaa kama atashusha tandiko hadi mwisho.

Nijibu kabla ya Jumamosi, uniambie nani atakuwa nyuma.

Baba yako