Kaka, lile jiwe halikutoka Vesta

Kaka, simu zangu hupokei, kwenye grupu la familia ulishatoka, basi naandika huku, najua shemeji atakuonyesha.

Jiwe la mzee halikutoka Vesta, ile asteroidi kubwa, gimba la mwamba linalozunguka jua huko angani. Nilisema siku ile ulipotaka kumuuzia dalali kama la Vesta, na leo narudia. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe ya kimondo yaliponyesha kutoka angani Mbale, Uganda, mzee akaokota lake migombani, na yule mtoto aliyepigwa kichwani alipona kwa sababu kipande kilikuwa kidogo na kilishagonga majani ya mgomba kwanza, si wewe ndo ulikuwa unatusimulia hiyo kila Krismasi? Wataalamu waliyapima, ni kondraiti, jiwe ambalo halijawahi kuyeyuka. Vesta iliyeyuka ingali changa, chuma chake kikazama katikati, juu ikabaki miamba ya lava.

Sasa ile siku ya matanga. Watu wako turubani na sahani za matoke, wewe uko nyuma ya jiko na dalali, Vesta hivi Vesta vile, upana kilomita 525, chombo cha angani cha Dawn kilifika 2011, kuna shimo la Rheasilvia lenye mlima katikati unaopita kilomita 20 kwenda juu, Elgon yetu hata 5 haifiki. Ulikuwa umesoma, sikatai. Na ulivyokuwa unarusha mikono ulikuwa mzee mtupu, kidogo nilie. Halafu ukataja bei.

Nikatoa ile sumaku ya spika ya redio yake mbovu nikaisogeza, tap, ikanasa. Jiwe la Vesta halinasi hivyo, chuma halina. Dalali akacheka, akapanda boda, huyo.

Unaambia watu nilikuaibisha. Ulitaka nifanyeje, jamaa alipime mwenyewe halafu aje na polisi mama akiwa bado amekaa kwenye mkeka? Ukitaka kuuza, uza kama jiwe la Mbale, lina historia yake, wapo wanaolitafuta. Ila ungeniuliza kwanza, maana aliyekuwa anamwogesha mzee miezi yote ile ni mimi, na jiwe lilikaa chini ya kitanda nilichokuwa nafagia mimi. Si kwamba nalitaka. Haya, nalitaka.

Mama anauliza kama utakuja kumaliza matanga. Njoo nalo. Na hela ya turubai bado hujanirudishia.